Moshi wa buluu baada ya kuweka injini ya 5K kwenye Corolla KE20: je, ni lazima injini ifunguliwe?

MwenyeKE20

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada kuhusu moshi unaotoka kwenye ekzosi ya gari langu la zamani, Toyota Corolla KE20 ya mwaka 1973, ambalo limeondolewa injini yake ya 3K yenye ujazo wa cc 1166 na kufungwa injini ya 5K yenye ujazo wa cc 1486 iliyotolewa kwenye gari dogo la mizigo. Niliichagua 5K kwa sababu ni ya ukoo uleule wa injini za K, ina nguvu zaidi, na mtu akifunua boneti bado anaona injini inayofanana na ile iliyotoka na gari kiwandani.

Injini inawaka bila shida, haina mlio wa ajabu, na haichemshi. Shida ni moshi wa buluu wenye harufu ya oili iliyoungua. Asubuhi ninapoiwasha hutoka wingu dogo linalokatika baada ya muda mfupi. Nikisimama kwenye foleni huku injini ikiunguruma, moshi hurejea taratibu, na ninapoondoka hutoka kwa wingi. Hali huwa mbaya zaidi kwenye mteremko mrefu: nikishuka nikiwa nimeachia mafuta, gari likishikiliwa na gia, kisha nikikanyaga mafuta nifikapo chini, moshi hutoka kiasi cha kulifunika gari linalonifuata. Ajabu ni kwamba kwenye tambarare, nikienda mwendo usiobadilika, sioni moshi hata kidogo. Maji ya rejeta hayapungui, lakini oili inapungua.

Fundi aliyeifunga anasema ringi zimekwisha na hakuna njia nyingine isipokuwa kuifungua injini yote. Niliambiwa pia kwamba injini hii ilikaa muda mrefu bila kuwashwa kabla sijainunua. Kabureta ni ileile ya 3K, na kwa kuwa injini haikuja na stiki yake ya oili, imewekwa stiki ya 3K. Kabla sijaamua kuifungua, ningependa kujua ni vipimo gani vinaweza kuthibitisha au kukanusha kauli ya ringi.

RingiNaPistoni

Ndugu MwenyeKE20, mimi sioni kama fundi wako amekosea sana. Injini ikikaa muda mrefu, ringi hugandana na kaboni kwenye mifereji ya pistoni na kushindwa kujitanua, hivyo oili inayopanda kwenye kuta za silinda haikwanguliwi tena bali inaungua pamoja na petroli. Ushauri wangu ni kwamba upime kompresheni kwa awamu mbili. Kwanza pasha injini moto, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho ili kipepeo cha kabureta kiwe wazi, kisha zungusha kwa stata na uandike kipimo cha kila silinda. Baada ya hapo mimina kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda na urudie. Kipimo kikipanda sana baada ya oili kuingia, ringi ndizo zenye lawama, kwa sababu oili imeziba mwanya ambao ringi zilishindwa kuuziba. Kisipopanda, tazama valvu.

Silinda zenye afya hukaribiana vipimo, na tofauti kati ya ya juu kabisa na ya chini kabisa isizidi sana asilimia kumi.

Fundi_Hedi

Ndugu yangu, nimesoma maelezo yako kwa makini, na jambo linalonivutia ni wakati moshi unapotoka. Rangi inatuambia ni oili, na hilo limekwisha kujulikana. Wakati ndio unaotuonyesha mlango ambao oili inapitia, nawe umeueleza vizuri kuliko wengi wanaoleta magari kwangu.

Ringi zilizochoka huonyesha moshi hasa injini inapobebeshwa mzigo: kupanda mlima, kuongeza mwendo kwa nguvu, au kuvuta gari jingine. Wakati huo shinikizo ndani ya silinda ni kubwa, gesi hupenya chini ya pistoni, na moshi hauchagui kama umetoka kushuka au kupanda. Gari lako halifanyi hivyo. Linatoa moshi baada ya vipindi ambavyo kipepeo cha kabureta kimefungwa, yaani foleni na mteremko, ambapo mvuto wa hewa ndani ya manifoldi ya kuingizia (bomba linalogawa hewa na petroli kutoka kabureta kwenda silinda) huwa mkubwa kupita nyakati zote. Mvuto huo hunyonya oili popote inapopata upenyo. Kwa kawaida upenyo huo ni sili za valvu zilizokauka na gaidi (vijitundu ambamo mashina ya valvu hupita) zilizolika, na wingu lako la asubuhi linaelekea hukohuko: usiku kucha oili hutiririka polepole kwenye mashina ya valvu, hujikusanya juu ya pistoni, na huungua mara tu injini inapowaka. Sili za mpira za injini iliyokaa miaka mingi huwa ngumu kama plastiki na hupasuka ukizibinya kwa vidole.

Hata hivyo, kiasi cha moshi unaoueleza baada ya mteremko ni kikubwa mno kwa sili peke yake, na hapo ndipo ninapotaka tutazame kazi ya kubadilisha injini yenyewe kabla ya kuilaumu injini. Tafadhali nijibu haya: mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu umeunganishwa wapi, na je, una valvu ya PCV (ile inayopima gesi za chumba cha kranki zinaporudi kwenye manifoldi) katikati? Matundu ya kupumulia ya injini yako mpya ni mangapi, na kuna lililozibwa? Oili iliyomo ni lita ngapi kwa kupima kwa chombo, wala si kwa kutazama stiki?

Kuhusu kompresheni, fanya kama RingiNaPistoni alivyoeleza, lakini tukumbuke kwamba kipimo hicho hupima ringi mbili za juu zinazozuia gesi. Ringi ya tatu, ya kukwangua oili, inaweza kuwa imeganda kabisa huku kompresheni ikisoma vizuri. Kwa hiyo kipimo kizuri hakiwezi kuisafisha ringi ya oili, ila kinatosha kukuzuia usiamue haraka kuifungua injini.

MwenyeKE20

Ninawashukuru sana. Nimepima kompresheni injini ikiwa ya moto na kipepeo kikiwa wazi. Silinda ya kwanza imesoma psi 162, ya pili 158, ya tatu 160 na ya nne 155. Baada ya kuongeza oili zote zimepanda kidogo tu, kwa kiasi kinachokaribiana.

Kuhusu mipira, nimekuta jambo ambalo sikulijua. Mpira wa kifuniko cha valvu umepelekwa moja kwa moja kwenye manifoldi, chini ya kabureta, bila valvu yoyote katikati. Nimeuchomoa na kuukuta ndani umelowa oili hadi inadondoka. Tundu la pili la kupumulia, ambalo nadhani lilipaswa kuunganishwa na kisanduku cha chujio cha hewa, limezibwa kwa bolti kwa sababu kisanduku cha zamani hakikuwa na mahali pa kulipokea. Plagi za silinda ya pili na ya tatu zimelowa na zinang'aa kwa weusi, za pembeni ni kavu zaidi. Oili bado sijaipima kwa chombo.

Mzee_wa_Kabureta

Kijana wangu, usiifungue injini hiyo. Kwa vipimo ulivyoleta na mpira uliouona, nina imani kubwa kwamba injini yako inalishwa oili kutoka nje ya silinda.

Ngoja nieleze jinsi inavyotokea, maana kosa hili hurudiwa kila mara injini inapohamishiwa kwenye gari la zamani ambalo halikutengenezwa kwa mfumo huohuo wa kupumua. Hata injini mpya kabisa huvujisha gesi kidogo kupita kwenye ringi na kuingia katika chumba cha kranki. Gesi hiyo ni lazima itoke, la sivyo shinikizo litasukuma oili nje kupitia sili na gasketi. Valvu ya PCV huiongoza gesi irudi kwenye manifoldi ikaungue, lakini kazi yake kubwa ni kuupima mtiririko. Mvuto wa manifoldi ukiwa mkubwa, valvu hujibana na kuacha kijinjia chembamba. Ukipungua kwa sababu umekanyaga mafuta, hufunguka zaidi. Injini ikilipuka kinyumenyume kupitia kabureta, hujifunga kabisa ili moto usifike kwenye chumba cha kranki. Ukiitoa na kuacha mpira mtupu, unapata kinyume cha ulichohitaji: injini hunyonya kwa nguvu zote wakati uleule ulipoachia mafuta.

Sasa fikiria ule mteremko wako. Kipepeo kimefungwa, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, na njia rahisi ya hewa kuingia ni mpira huo, ambao mdomo wake uko juu ya roka (vile vyuma vinavyosukuma valvu) zinazorusha oili bila kukoma. Na kwa kuwa tundu la pili limezibwa kwa bolti, hewa safi haiingii kuchukua nafasi ya ile inayonyonywa, hivyo mvuto huingia hadi ndani ya injini na kuvuta hewa kupitia kila mwanya, pamoja na ukungu wa oili. Ukikanyaga mafuta chini ya mlima, oili yote iliyolowanisha manifoldi inaingia kwenye silinda kwa mkupuo. Plagi za kati kulowa kuliko za pembeni kunaungana na maelezo haya, kwa sababu kwenye injini hizi kabureta hukaa katikati ya manifoldi, na oili inayoingia chini yake hupata njia fupi kwenda silinda ya pili na ya tatu. Ringi zilizochoka zisingekuwa na sababu ya kuchagua hizo mbili.

Jaribio lenyewe halihitaji kununua kitu. Chomoa mpira kwenye manifoldi, ziba vizuri pale ulipotoka, toa ile bolti, kisha elekeza mipira yote miwili kwenye chupa iliyowekewa kitambaa ili oili isitapakae. Utalazimika kurekebisha skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta, kwa sababu bila shaka ilikuwa imefunguliwa kupita kiasi kufidia hewa ya wizi iliyokuwa ikiingia. Kisha endesha kwenye mteremko uleule. Ukimaliza, injini ikiwa bado inaunguruma, fungua kifuniko cha kumiminia oili na uweke kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikitikisika kidogo tu, ringi zako ni nzima. Ikirushwa kwa nguvu na moshi ukafuka, nitakuwa wa kwanza kuungana na fundi wako.

Sasa ile stiki. Stiki na mrija wake ni lazima viwe vya injini moja, kwa kuwa urefu wa mrija ndio unaoamua alama ya F (ya kujaa) itasimama wapi juu ya oili. Tena injini ikifungwa kwa pembe tofauti na ile ya gari ilikotoka, hata stiki yake halali inaweza kudanganya. Oili ikizidi, kranki huipiga na kuigeuza povu, ukungu unajaa hadi juu, na mpira wako unapata cha kunyonya. Mwaga oili yote, badilisha chujio, mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini kwa chombo chenye vipimo, washa injini, zima, subiri oili ishuke, kisha tazama inapogusa stiki. Kama alama hailingani, futa ya zamani kwa tupa na uchore mpya hapohapo.

Mpenzi_wa_504

Samahani kwa kuingilia, ila suala langu ni la aina hiyohiyo. Peugeot 504 yangu nayo imebadilishiwa injini, lakini moshi wake ni mweupe, mzito, na haukatiki injini ikipata moto kama ule mvuke wa asubuhi. Nimeambiwa gasketi ya hedi imepasuka, ingawa maji hayapungui na rejeta haitoi mapovu. Kitu pekee kinachopungua ni oili ya breki, na sioni inapovujia.

Fundi_Hedi

Ndugu Mpenzi_wa_504, umejijibu katika sentensi yako ya mwisho. Buster ya breki, kile chombo kinachoongeza nguvu ya mguu wako, hupata nguvu zake kutoka kwenye mvuto wa manifoldi kupitia mpira mmoja mnene. Sili ya nyuma ya masta silinda ikichoka, oili ya breki huvujia ndani ya buster, na injini huinyonya kupitia mpira huo na kuichoma, ikitoa moshi mweupe mzito wenye harufu kali. Chomoa mpira kwenye buster utazame kama ndani umelowa. Kama umelowa, usiliendeshe gari hadi masta silinda itengenezwe, kwa sababu kinachoungua humo ni breki zako.

Mvuke wa asubuhi usikutie hofu. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na maji hayo huonekana kama moshi mweupe mradi ekzosi bado ni baridi. Ukitaka kuwa na uhakika kuhusu gasketi, kuna kile kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: gesi ya mwako ikiwa inapenya kwenye maji, kimiminika hugeuka kuwa cha njano.

MwenyeKE20

Ninaleta matokeo. Nilipomwaga oili na kuipima kwa chombo nilikuta imezidi kiasi cha kitabu kwa zaidi ya lita moja, ingawa stiki ilikuwa ikisoma katikati ya alama mbili. Nimejaza upya kwa kipimo na kuchora alama mpya. Mipira nimeielekeza kwenye chupa kama Mzee_wa_Kabureta alivyoagiza, na skrubu ya mchanganyiko imerudi ndani sana kabla injini haijatulia.

Kwenye mteremko uleule, safari ya kwanza moshi bado ulikuwepo, ila umepungua mno, na kadiri nilivyoendelea kuendesha ulizidi kupotea hadi sasa siuoni tena kwenye kioo. Foleni pia haina shida. Karatasi juu ya tundu la oili ilitikisika kidogo tu. Kinachobaki ni lile wingu dogo la asubuhi, ambalo halijabadilika. Je, niendelee nalo hivyo, au niweke oili nzito zaidi kama nilivyoshauriwa na dereva mmoja?

RingiNaPistoni

Nimeridhika, na ninaondoa hoja yangu ya ringi kwa vipimo hivi. Oili nzito sikushauri. Itapunguza moshi kwa muda kwa kuwa inapita kwa shida kwenye mianya, lakini itachelewa kufika kwenye roka asubuhi, na itakuzuia kujua kama tatizo linaongezeka au linapungua. Tumia ile iliyotajwa kwenye kitabu.

Mzee_wa_Kabureta

Safari ya kwanza ilitoa moshi kwa sababu manifoldi na sailensa vilikuwa bado na oili ya zamani, na ekzosi iliyolowa huendelea kufuka hadi ipate moto wa kutosha kwa mwendo mrefu. Ndiyo maana huwa ninawakataza watu kuihukumu kazi wakiwa bado mlangoni mwa gereji.

Chupa ni ya jaribio tu, usiiache. Tafuta valvu ya PCV ya injini za K, ifunge kati ya kifuniko na manifoldi mshale ukielekea kwenye manifoldi, na utoboe kisanduku cha chujio cha hewa upande wa ndani wa chujio ili tundu la pili lipate hewa iliyosafishwa. Hakikisha pia kile kibati cha kukinga oili chini ya tundu la kifuniko kipo, kwa sababu vifuniko vikibadilishwa hovyo kibati hicho hupotea. Kama una geji ya mvuto, itumie kutuliza kabureta: injini nzima, maeneo ya usawa wa bahari, husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki bila mshale kucheza, na usomaji hupungua takriban inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari.

Fundi_Hedi

Wingu la asubuhi sasa ni la sili za valvu, na kwa injini hii yenye roka juu ya hedi unaweza kuzibadilisha bila kuing'oa hedi. Fanya silinda moja baada ya nyingine. Leta pistoni kwenye mkondo wa kubana, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, ikiwa bado chini kidogo ya kilele. Ingiza kamba laini na safi kupitia tundu la plagi, ukiiacha ncha yake nje, kisha zungusha kranki kwa mkono hadi pistoni iibane kamba dhidi ya valvu. Hapo valvu haziwezi kuangukia ndani. Ziba kwa vitambaa matundu yote ya fimbo za kusukumia na ya kurudisha oili, kwa sababu vile vipande viwili vidogo vinavyoshikilia springi huruka, na kimoja kikitumbukia humo utalazimika kushusha sampu, ile karai ya oili iliyo chini ya injini. Kabla ya kulegeza shafti ya roka, thibitisha kwenye kitabu kama kuna bolti yake yoyote inayoshikilia hedi pia, maana kwenye baadhi ya injini ndivyo ilivyo, na ukiilegeza utakuwa umeiharibu gasketi.

Springi ikishatoka, usiharakishe kuvalisha sili mpya. Legeza kamba kwa kurudisha kranki kidogo, shika ncha ya shina la valvu kwa vidole na ulisukume upande huu na ule. Likicheza kidogo sana, vaa sili na ufunge. Likiyumba hadi ukaona mwendo wake kwa macho, gaidi imelika, na sili mpya itatanuka na kuanza kuvuja tena, kwa hiyo hedi italazimika kwenda kwa fundi wa mashine. Ukipata hali hiyo kwenye valvu moja au mbili tu, tuandikie ni zipi, za kuingizia au za kutolea, kwa kuwa za kuingizia ndizo zinazonyonya zaidi, nasi tutajua kama gari linaweza kuendelea kutumika kwa sasa.